Mstari Uliokata Ukumbi Wetu

Kwa Katibu wa Tume ya Mipaka ya Kata,
London.

Bwana Katibu mheshimiwa,

Natumaini u mzima na kalamu yako bado ina wino, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Mimi ni Euphrasie, mhudumu wa wazee, na mwenyekiti wa Wakongo wanaokutana kila Jumapili katika ukumbi mmoja mdogo hapa mtaa wa Barking. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mstari wako mpya wa kata umepita katikati ya ukumbi wetu. Mlango uko kata moja, jiko kata nyingine. Sombe yetu ya majani ya muhogo tunaipikia ugenini na kuilia nyumbani.

2. Mwezi uliopita dari la jiko lilianguka, nusura limpate Mama Plamedie kichwani. Nikampigia simu diwani wetu, Bi Gurpreet, aliyetusaidia miaka sita. Akasema kwa huzuni, "Mama, mlango bado ni wangu. Jiko si langu tena." Diwani wa jiko naye akajibu kwamba hawezi kufika jikoni bila kupita mlango wa mwenzake. Tangu hapo tunapika chini ya mwavuli.

3. Nilikuja kwenye mkutano wenu wa hadhara. Afisa wako, kijana nadhifu sana, alitazama ramani akasema, "Jamii yenu haionekani hapa." Nilikuwa nimesimama mbele yake, Bwana Katibu, na mimi si mwembamba.

4. Kwa kuwa mmeshindwa, nimechora mwenyewe. Kata yetu ianzie kwa Dieumerci kinyozi, ifuate harufu ya sombe, iishie pale ambapo mtu akisalimiwa kwa Kiswahili anageuka. Watoto wetu wanaojibu kwa Kiingereza wahesabiwe nusu. Mpita njia anayeuliza tunapika nini, robo.

5. Mkisema kata hiyo ni ndogo mno, tuongezeeni kipande cha mto. Samaki hawatalalamika kuhusu jiko.

Nasubiri jibu kabla dari la mlangoni nalo halijaanguka. Nisalimie ofisi nzima, na yule kijana mnunulieni miwani.

Wako katika subira inayokwisha,
Euphrasie Nabintu

Tanbihi: Jibu usilitume Barking. Nyumba zilipopanda bei nilihamia Stratford, mwenzetu Lambert yuko Harrow, na wengine hata basi wanalopanda kuja ukumbini silijui. Katika sahihi arobaini nilizoambatanisha, anayeishi bado Barking ni Armelle peke yake, naye anahama Ijumaa. Njoo utuhesabu Jumapili.