Utafiti wa Mlango wa Choo cha Soko

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba choo cha soko, kilichofungwa miezi mitatu kwa kukosa ripoti, sasa kimepata bahati kubwa: kinafanyiwa utafiti. Si ule wa kuhesabu vichwa. Huu ni utafiti wa maelezo, unaotaka kujua mtu aliyebanwa anajisikiaje, kwa maneno yake mwenyewe.

Mimi ndiye mtunza ufunguo, kwa hiyo nimo kwenye kamati. Bwana Mkurugenzi wa Halmashauri alitia sahihi masharti mwenyewe. Mlango haufunguliwi mpaka majibu yashibe, yaani mpaka watu waishiwe jambo jipya la kusema. Na mtafiti haruhusiwi kumsaidia anayehojiwa, maana atakuwa ameharibu mazingira asilia.

Wauza mboga walihojiwa mmoja mmoja, kisha kwa makundi.

"Dada, kubanwa kuna maana gani kwako?" aliuliza binti mtafiti kwa adabu, daftari mkononi.

"Maana yake unipishe!"

Ikaandikwa. Muuza nyanya, mjamzito wa miezi minane, alilia. Ikaandikwa pia, chini ya "lugha ya mwili". Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, unanichoma kama kaa la moto. Nilimwomba Mungu anipe subira ya kitaalamu.

Wanawake arobaini walisema yale yale: fungueni.

Mkurugenzi alisoma, akaguna. "Sampuli imeegemea upande mmoja. Wote hawa wamebanwa! Maoni ya asiyebanwa yako wapi?"

Hayakuwepo, basi akaja kuyatoa yeye. Alikaa sokoni kutwa kama mshiriki, akinywa wanachokunywa wauzaji. Alasiri alikuwa na vikombe sita vya chai tumboni. Akasimama. Akaketi. Akasimama tena, miguu imepishana.

"Mama, lete ufunguo."

"Masharti, mheshimiwa," nikasema. "Ni sahihi yako ile."

Binti akafungua ukurasa mpya. "Mheshimiwa, kwa maneno yako mwenyewe, unajisikia..."

"Fungueni! Nimesema fungueni!"

Binti akapekua daftari, mbele na nyuma. "Mama, hakuna jipya hapa. Majibu yameshiba."

Nikamshukuru Mungu, nikafungua. Mkurugenzi akachomoka mbio, akagonga mgongo wa muuza nyanya, aliyekwisha kusimama wa kwanza mlangoni.

"Polepole, baba," mama yule alisema bila kugeuka. "Mstari unaishia kule kwenye vitunguu."