Usiguse Meza ya Bwana

Jumanne, 25 Februari

Elsie anahama. Ana miaka minne na tayari anahama! Leo nyanya yake alipiga simu kutoka Kakamega, akamwuliza yuko wapi. Mtoto akajibu, "Niko kwetu." Alikuwa kwa Dishon, mlango wa pili! Huko kuna kimeza cha watoto chenye beseni la mchanga katikati. Watoto wote wa ploti yetu hapa mtaa wa Tena hushinda hapo. Mtu hawezi kupenda watoto wa wenzake hivyo bila sababu. Nimeumia, sifichi. Mimi babake ananiaga kama mgeni.

Uamuzi: nitatengeneza meza kubwa kuliko ya Dishon. Mke wangu Nabalayo ameniuliza kama nimewahi kutengeneza kitu kikasimama. Swali la mtu aliyetumwa.

Jumatano, 26 Februari

Bahati! Kanisa linasafisha stoo. Phelister, mwenyekiti wa kina mama, amenipa ufunguo. Akasema kuna meza mbili, nichukue ile kuukuu ya kando, lakini tafadhali, Baba Elsie, usiguse meza ya bwana. Akarudia tena, polepole, kama anayeongea na kiziwi.

Aha! Bwana yupi? Bwana wake, Owino, yule wa duka la maziwa! Kumbe mali ya kanisa hugawanywa chumbani kwao, sisi wengine tuachiwe makapi.

Nimeziona. Ya kando imeliwa na mchwa mguu mmoja. Ya bwana ni mvule mtupu, inang'aa. Ubavuni imechongwa neno UKUMBUSHO. Huyu Owino! Hajafa, tayari anajikumbusha. Nimeipakia kwa mkokoteni na kuifunika blanketi. Haki imetendeka.

Ijumaa, 28 Februari

Sina msumeno. Dishon anao. Nimemwambia ni wa kukata mifupa ya mbuzi niliyemnunua soko la Kiamaiko. Akanipa papo hapo. Hata swali moja! Nani humpa jirani msumeno bila kuuliza? Akaongeza kwamba nikikwama nimwite. Anataka kuona ramani yangu.

Nimekata miguu. Meza ikalala upande. Nikakata mguu mwingine kusawazisha, ikalala upande wa pili. Nikaendelea mpaka ikafika magotini. Ndivyo nilivyopanga. Kisha nikatoboa shimo la beseni. Msasa ukamfuta Owino na ukumbusho wake, nikapaka rangi ya manjano juu. Nabalayo alisimama mlangoni akatikisa kichwa. Wivu.

Jumamosi, 1 Machi

Elsie ameiona! Akaigusa, mkono ukawa wa manjano mpaka kiwiko. Akauliza kama ni yake. Nikasema ni yake yeye peke yake. Akauliza kama Baba Dishon, ndivyo anavyomwita jirani, pia atakuja kucheza. Nikajifanya nasikiliza redio.

Jumapili, 2 Machi

Balaa! Leo ilikuwa Ushirika Mtakatifu. Nilikaa nyuma kama kawaida yangu, karibu na mlango, nione nani anatoka kabla ya sadaka. Mbele palikuwa patupu. Pasta Kweyu akauliza Meza ya Bwana iko wapi.

Meza ya Bwana. B kubwa! Hutolewa stoo siku ya Ushirika tu, tena imefunikwa kitambaa cheupe hadi sakafuni, ningejuaje? Phelister akageuka kunitazama. Hakutafuta, alijua nimeketi wapi.

Mimi na Dishon, aliyeketi safu ya mbele, tulikimbia nyumbani kuileta. Pasta alihudumu amepiga magoti, kikombe amekiweka ndani ya beseni kisianguke. Elsie akatangaza kwa kanisa zima kwamba hiyo ni meza yake na babake ndiye aliikata. Wazee wameamua: nitagharamia mvule mpya, na ile ya manjano inabaki kwa sande skuli. Elsie alilia njia nzima. Tulipofika alipita mlango wetu, akaenda kwa Dishon. Sikula.

Jumanne, 4 Machi

Dishon amebisha hodi. Ameleta ile meza ya kando! Alimwomba Phelister, akatoa mguu wenye mchwa, akaweka mpya, akapaka rangi ya pinki. Eti zawadi ya Elsie, ndiyo acheze kwao pia. Nabalayo akamwandalia chai na mayai mawili. Mimi hupewa moja.

Elsie hajabanduka hapo tangu atoke shule. Nyanya yake alipiga simu. Mtoto akasema, "Niko kwetu." Kwetu kwenyewe, hapa! Kisha akanivuta nikae sakafuni, akanikorogea uji wa mchanga. Nilimwambia ni mtamu. Sikumbuki lini nilifurahi hivi.

Lakini nimefikiri. Phelister alinikataza kwa bidii mno, kama mtu anayetaka nikaidi. Dishon alinipa msumeno upesi mno. Sasa meza yao imeingia nyumbani kwangu bure, na ule mguu mpya ni mnene kuliko mingine. Kuna kitu ndani.

Msumeno wake bado ninao. Kesho Elsie akishaenda shule, nakata.