Kilonzo na Vita vya Meno ya Bosi

Sogeeni, enyi watu wa Kisumu Ndogo, nanyi mnaotuchungulia kutoka ghorofa za Nyayo Highrise shukeni, mkalie debe lolote lililosalia, msikie habari za Kilonzo mshona viatu, bingwa wa sindano na gundi, aliyepambana na dubwana la majuma tisa lenye uzito wa kilo mbili. Wakubwa wa nchi walikuwa hotelini wakigombania kiti. Hao wana waandishi wao.

Ilikuwa Januari ya mwaka 2008, reli imeng'olewa, maduka yamefungwa, na Kilonzo amempeleka mkewe Ndinda na watoto Machakos hadi nchi ipoe. Akabaki peke yake. Akaokota mtoto wa mbwa mtaroni, akamwita Bosi, na kwa kuwa kila mtu anajua mbwa hufanywa mkali kwa pilipili, akamtilia pilipili katika ugali majuma mawili mazima ili awe mlinzi. Akawa mkali kweli. Ila adui hakuja, basi akauma wapangaji.

Alianza na kidole cha Seline, muuza vidagaa vya omena wa mlango wa pili, ambaye siku vijana walipochoma nyumba za watu wa kabila jingine alisimama mlangoni pa Kilonzo akawaambia, "Huyu ni wetu, pitieni kwingine." Kisha Bosi akararua buibui la Mama Ruweida, Mnubi mwenye ploti ya vyumba vyao, ambaye kwake mate ya mbwa ni kuosha mara saba, na maji siku hizo yalikuwa ya kutafuta kwa tochi.

"Kilonzo," akatangaza Mama Ruweida, kama malkia anayeweka mpaka, "moshi wa polisi nimevumilia. Meno sivumilii. Ijumaa nikitoka msikitini, huyo mbwa atakula mkononi mwa Seline bila kumuuma, ama ataondoka."

Kilonzo akambeba Bosi hadi ndani. Jioni hakuwa na mwingine wa kuongea naye.

Jumanne shujaa akajipaka pilipili vidole vyote kumi, silaha ya mababu, akamnyooshea adui. Bosi akanusa, akatikisa mkia, akalamba hadi kwenye kiganja, kisha akauma kwa shukrani. Si ndicho chakula alicholelewa nacho? Ole wako, Kilonzo, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Jumatano akakumbuka watoto wa mbwa wanavyocheza kwao Machakos: anayeumwa hulia, akampa mwenzake mgongo, mchezo ukaisha. Basi jino lilipomchoma akapiga ukemi uliofika Raila Village. Lakini Januari ile, nani alilia bure? Milango ikafunguka, watu kumi na mmoja wakamiminika na rungu, miiko na mguu wa kitanda, Seline mbele yao na sufuria.

"Wako wapi?" akauliza Seline.

Kilonzo akaonyesha chini. Bosi alikuwa ameketi juu ya kiatu chake.

"Ati huyu? Fundi, sisi tumetoka kufa juu yako, kumbe unalilia katoto ka mbwa?"

"Namfundisha. Nikilia anajua ameniumiza."

"Basi lia polepole. Hii ploti haina roho ya kushtuka mara mbili."

Wakacheka, wengine hadi wakaegemea rungu zao. Hawakuwa wamecheka pamoja tangu kura zihesabiwe.

Tangu hapo vita vikapiganwa kwa kunong'ona. Jino likigusa ngozi, Kilonzo alisema "ui," akageukia mabati, mikono kwapani, kimya hadi ahesabu thelathini. Iliuma kuliko meno, kumpa rafiki mgongo. Alhamisi jioni Bosi alisikia "ui," akaachia mwenyewe, akamtazama usoni.

Ijumaa ikafika, na wale wa rungu, waliokwisha kuujua mchezo, wakajipanga kutazama. Mama Ruweida akasimama mbali, buibui amelikusanya. Seline akachuchumaa, omena moja kati ya vidole viwili, kimoja kikiwa na kovu. Bosi akaja, akafunua kinywa, na jino likagusa ngozi.

"Ui," wakanong'ona wale watu kumi na mmoja, wakageuka wote kwa pamoja wakampa mgongo, hata Mama Ruweida.

Walipogeuka tena, omena haikuwepo. Bosi alikuwa akilamba kovu la Seline, taratibu.

"Abaki," akasema Mama Ruweida. "Lakini buibui langu alione hivyo hivyo kwa mbali."

Na iandikwe, basi, kwamba Januari ile, kila mwenye meno alipouma, mmoja aliachia. Kilonzo akampigia Ndinda simu.

"Huko kumetulia?" akauliza Ndinda.

"Kwa ploti yetu," akasema Kilonzo, "kumetulia."