Gego la Sabuni

Asubuhi ile Muhuri alisimama mbele ya ubao wa matangazo wa chuo cha meno kwa sababu moja tu: ubao ulikuwa na kivuli. Hakuwa na haja na meno ya mtu. Kazi yake ilikuwa kuchonga mihuri ya ofisi ambamo hakuwahi kuajiriwa, kwa wembe na soli za kandambili kuukuu, na ufundi wake ulikuwa mkubwa. Karani mmoja aliwahi kuukubali muhuri wake na kuutilia shaka ule wa bosi. Ndiyo maana watu walimwita Muhuri, na jina lake la kuzaliwa lilikuwa limekaa miaka mingi bila kutumika, kama sahani ya wageni.

Basi akiwa pale kivulini, ikasimama pikipiki nyekundu, mpya, inayong'aa. Wakashuka mzee na binti yake. Mzee huyo aliuza mabati na misumari, na kila mtu alimwita Mzee Bati. Binti akasogea ubaoni akasoma kwa sauti ndogo.

"Sehemu ya kwanza, karatasi: baiolojia, kemia na fizikia. Sehemu ya pili, mikono: mtahiniwa atapewa kipande cha sabuni na kisu, achonge gego la kwanza la chini, upande wa kulia, kwa muda wa saa moja."

"Karatasi utaiweza," akasema Mzee Bati. "Hiyo mikono je?"

Binti akaificha nyuma. Akiwa peke yake, mikono ile iliweza kutia uzi kwenye sindano gizani. Akitazamwa tu, ilitetemeka kama ya mtu aliyenyang'anywa blanketi.

"Nitajaribu, baba."

"Waliojaribu ninao watatu, wananipimia misumari. Ukikosa nafasi safari hii, unakuja kukaa kaunta. Habari ya kusubiri mwaka mwingine sitaki kuisikia." Kisha akashusha sauti, lakini sauti ya mtu wa mabati hata ikishushwa husikika ng'ambo ya barabara. "Hivi hapa hakuna njia ya pembeni?"

Muhuri akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu msomi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Samahani, nimesikia bila kukusudia. Mimi," akaonyesha jengo la chuo kwa kidevu, "ni wa ndani. Nisiseme zaidi."

Mzee Bati akamtazama viatu. Kwa bahati, siku hiyo Muhuri alikuwa amevaa viatu vya kuazima.

"Wa ndani kivipi?"

"Sabuni, mzee. Sabuni nazijua. Mimi nachonga gego kamili nyumbani, kwa nafasi, bila haraka. Binti anaingia nalo mfukoni. Saa ikiisha, anatoa langu, anaficha lake. Nani atajua tofauti ya sabuni na sabuni?"

"Baba," akasema binti, "huo ni wizi."

"Ni maandalizi," akasema Mzee Bati. "Unataka nini, kijana?"

Muhuri akajifanya kutafakari, macho yake yakizurura hadi kwenye ile pikipiki na kutulia hapo.

Wakakubaliana. Ila Mzee Bati hakuwa mgeni wa biashara. Alisema bidhaa atapokea mlangoni mwa mtihani, na ufunguo wa pikipiki atautoa mlangoni hapohapo, siyo dakika moja kabla.

Tumwonee huruma kidogo Muhuri, kwa maana mpango wake ulikuwa na kasoro moja. Hakuwahi kulitazama gego. Yake mwenyewe alikuwa nayo, lakini ni nani hukaa akiyatazama meno yake ya nyuma? Zilikuwa zimebaki wiki sita, na alihitaji mwalimu.

Mwalimu alikuwepo, mitaa miwili kutoka chuoni. Alikuwa mama mzee aliyetengeneza meno bandia kwa miaka arobaini kabla ya kustaafu, na nusu ya wazee wa mitaa ile walicheka kwa kazi ya mikono yake. Wakiitwa kula, wakiitwa kupiga picha, walikwenda bila aibu kwa sababu yake. Sasa alifundisha sebuleni kila alasiri, karatasi na mikono pia, na wote walimwita Bibi Fundi. Muhuri akabisha hodi, akasema anataka kuwa daktari wa meno tangu utotoni.

"Karibu, mwanangu," akasema Bibi Fundi. "Kaa hapo dirishani. Nimeona unakodoa macho, hapo kuna mwanga."

Hakuna aliyewahi kugundua kwamba Muhuri hukodoa macho. Akakaa.

Meza ilitandikwa magazeti. Kila mwanafunzi alikuwa na kipande cha sabuni na kisu kidogo. Wa tano mezani alikuwa binti wa Mzee Bati, ambaye nyumbani aliaga kuwa anakwenda maktaba. Alimtazama Muhuri kwa muda.

"Wewe si yule wa ndani?" akamwuliza kwa mnong'ono.

"Ndiye."

"Mbona unajifunzia nje?"

Muhuri, aliyewahi kumwuzia mpangaji nyumba ya mwenye nyumba wake, safari hii akageukia suruali yake. Akajipangusa unga wa sabuni ambao bado haukuwepo.

"Utamwambia mzee?" akauliza mwishowe.

"Sijui. Kwanza nitazame."

"Nikutazame nini?"

"Nikichonga. Mikono yangu inaogopa macho. Hawa wenzetu wana heshima, wanaangalia kwao. Wewe heshima huna, utanifaa."

Hivyo ndivyo tapeli mmoja alivyopata kazi ya halali bila kuiomba. Kila alasiri, baada ya kuchonga la kwake, Muhuri alisimama, akaweka mikono nyuma na kuwa msimamizi wa mtihani. Alizunguka meza. Alipumua juu ya shingo ya binti. Alichezesha funguo.

"Hilo ni jino au kiazi?"

Siku za mwanzo kisu kilianguka. Bibi Fundi alikiokota na kukirudisha mkononi mwa binti, akaushikilia ule mkono kidogo mpaka utulie.

Wiki ya nne Muhuri aliinama kuliko siku zote. "Babu yako akivishwa hilo, atang'ata sikio lake mwenyewe."

"Babu yangu alikuwa mtu wa adabu," akajibu binti bila kuinua kichwa, "asingekaa meza moja na wewe. Sogea, unanizibia mwanga."

Kisu hakikutikisika. Muhuri akajikuta anatabasamu, akalificha tabasamu haraka kabla halijamharibia jina.

Yeye mwenyewe alikuwa na tatizo lake. Alichonga upesi na vizuri kuliko wote: vile vilima vitano vya gego la chini, vitatu upande wa shavu na viwili upande wa ulimi, alivitoa kama aliyevizaa. Lakini kila jino lake lilitoka la upande mwingine.

"Hili ni la kushoto," akasema Bibi Fundi.

"Nimefuata lako, Bibi."

"Umelifuata kinyume." Akaligeuza vidoleni. "Na kinyume chenyewe hakina kosa hata moja. Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Hizi za mikono mikono tu."

"Mtu anayechonga kinyume bila kujitambua namjua wa aina moja. Mchonga mihuri. Asipochonga kinyume, herufi zitasomeka kinyume kwenye karatasi."

Muhuri akapima umbali wa mlango. Bibi Fundi akammiminia chai.

"Kunywa, itapoa. Na ukitaka kutoa la kulia, jiambie unachonga la kushoto."

Hakuuliza zaidi. Siku iliyofuata alimwona Muhuri, akidhani hakuna anayemtazama, akikinoa kisu cha binti kilichokuwa butu na kukirudisha mahali pake. Alimwongezea kipande cha mkate.

Ilipofika siku ya kupeleka fomu za mtihani, Bibi Fundi alizikusanya zote mwenyewe. Muhuri angekosaje kuwa na fomu? Mwanafunzi wa uongo bila fomu angetiliwa shaka. Akafungua mkoba wake wenye vyeti kumi na vinne vya shule, kumi na vitatu vikiwa kazi ya mikono yake, akaanza kuchagua kilicho kizuri zaidi.

"Nipe cha kweli," akasema Bibi Fundi kwa upole, kama mtu anayeomba apewe chumvi. "Na jina ulilopewa na mama yako."

Akampa. Hata yeye hakuelewa kwa nini.

Siku mbili kabla ya mtihani, Muhuri alijifungia chumbani kwake mchana kutwa akachonga gego la Mzee Bati. Alipiga mluzi, alifurahia kazi, alifikiria pikipiki. Alilipangusa kwa kitambaa laini na kulifunga kwenye karatasi. Lilikuwa jino zuri mno, ungetamani kutafuna nalo.

Asubuhi ya mtihani watu walijaa mlangoni. Mzee Bati alikuja na pikipiki, binti amekaa nyuma. Muhuri akatoa kifurushi, Mzee Bati akatoa ufunguo, na vitu hivyo viwili vikapishana hewani kama watu wasiosalimiana.

"Kila la heri, mdogo wangu," Muhuri akamwambia binti, tayari akiikaribia pikipiki.

Binti akafungua karatasi. Akaligeuza jino mara moja, akaligeuza tena, kisha akamwekea baba yake kiganjani.

"Nishikie sabuni, baba."

"Nini? Ingia nalo."

"Sihitaji. Wiki sita nimekuwa kwa Bibi Fundi, sikuwa maktaba. Nisamehe kwa hilo. Mikono yangu sasa iko sawa." Akainyoosha mbele yake, na kweli haikutikisika, ingawa baba alikuwa ametoa macho yote mawili. "Na hata ningetaka kuiba, nisingeiba kwa hili. Ni la kushoto. Wao wanataka la kulia."

Mzee Bati hakujua magego, lakini kuuziwa kisichokuwa chenyewe alikujua vizuri. Uso wake ukabadilika.

"Wewe wa ndani," akaita. "Hebu njoo hapa nje."

Muhuri akatazama. Pikipiki ilikuwa nyuma ya Mzee Bati, na Mzee Bati alikuwa mpana. Kulia kulikuwa na ukuta, kushoto askari wa mlango. Na mbele yake, akiwa na kikapu mkononi, alisimama Bibi Fundi.

"Umechelewa, mwanangu. Kadi yako ya mtihani hii hapa."

"Bibi, mimi sikuja kufanya..."

"Humo ndani haingii asiye na kadi," akasema Bibi Fundi, akimtazama Mzee Bati aliyekuwa anakuja. "Mtu yeyote yule."

Muhuri alikuwa mwepesi wa kuelewa. Akaichukua kadi. Mlangoni msimamizi akamwamuru atoe kila kitu mifukoni. Bibi Fundi akasogeza kikapu, Muhuri akatumbukiza wembe, kitana na ule ufunguo, na mlango ukafungwa nyuma yake kwa saa tatu na nusu.

Angefanya nini mle ndani? Dirisha lilikuwa na nondo. Karatasi ikaja, akaijibu, maana alikuwa amesikia somo lilelile wiki sita mfululizo huku akinywa chai ya watu. Kisha ikaja sabuni. Mbele yake aliketi binti, msimamizi amemwinamia begani, naye anachonga kama yuko peke yake duniani. Muhuri akajiambia anachonga la kushoto, na likatoka la kulia.

Walipofunguliwa, pikipiki haikuwepo. Bibi Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi akimsubiri na mkate.

"Bibi, ufunguo wangu?"

"Umerudi kwa mwenyewe. Kaondoka anacheka kidogo. Nimemwambia binti yake atafaulu."

"Mlipanga hili, wewe na binti?"

"Tulipanga wewe uingie," akasema Bibi Fundi. "Hayo mengine umeyapanga mwenyewe. Kula."

Majina yalibandikwa baada ya wiki mbili. Muhuri alikuwa amepanga kuhama mji siku nyingi kabla ya hapo, lakini alijiambia atahama akishaona jina la binti, siyo kwa wema, kwa udadisi tu. Jina la binti lilikuwa la ishirini na mbili. Halafu akaona jina la kumi na moja, akalisoma mara mbili kama la mtu aliyewahi kukutana naye zamani.

Wazo lake la kwanza lilikuwa la kibiashara. Nafasi ya chuo ni mali. Kabla ya saa sita alikuwa amempata mteja, mtu na mpwa wake, wamekaa kwenye kibanda cha chai.

"Jina liko kwenye orodha?" mteja akauliza.

"Lipo."

"La bandia?"

"Hapana, langu."

"Na picha?"

"Yangu."

"Alama ya kidole?"

"Yangu." Muhuri akaduwaa. Kila kitu kwenye fomu ile kilikuwa cha kweli, na cha kweli hakikuwa na namna ya kuuzwa kwa mtu. Mteja akamalizia chai yake, akamhurumia, akalipa ya wote watatu.

Asubuhi ya kujiandikisha Mzee Bati alikuwa kwenye foleni na binti yake, mkono ukiwa kwenye pochi. Alikuwa amesoma tangazo dogo la chini: kumi na wawili wa kwanza wanasomeshwa bure na chuo.

"Yaani mimi nilipe," akasema kwa sauti yake iliyoshushwa, foleni nzima ikasikia, "na huyu asome bure? Miaka mitano?"

"Ana mikono, baba."

"Mikono yake naijua."

Lakini alisogea kidogo, akamwachia Muhuri nafasi kwenye foleni, maana nyuma kulikuwa na jua kali.

Walipofika dirishani karani aliwatazama wote wawili, binti aliyesimama wima na kijana aliyekuwa akitazama mlango wa kutokea.

"Mnajiandikisha pamoja?"

"Ndiyo," akasema binti. "Mimi nimefaulu. Huyu ametapeliwa."