Debe kwa Debe

Watu wa Malaba walilipita lile tangazo wiki nzima. Lilikuwa limegongomelewa kwenye lango la uwanja wa makaa ya mawe, kando ya reli, na kila mtu alidhani ni lile la kukataza kukojoa. Ogweno peke yake alisimama akalisoma. Ukimuuliza kazi yake, alisema ni biashara ya mpakani, na hakusema uongo: kila alipomaliza biashara, ilimbidi avuke mpaka.

Tangazo lilieleza kwamba kampuni iliyokuwa ikirundika makaa ya mawe hapo, kabla ya kuyapeleka kiwandani ng'ambo, inafunga uwanja. Serikali imeitaka irudishe ardhi ilivyokuwa: vumbi jeusi liondolewe, udongo mzuri utandazwe, majani yaote. Atakayekamilisha kabla ya mwisho wa Juni 1996 atapewa lori la kampuni, liwe lake.

Ogweno akachungulia. Eka nzima ilikuwa nyeusi tii. Kuku mweupe aliyepotelea humo alitoka kanga. Lakini katikati lilisimama lori la buluu, na Ogweno akalitazama kama mama anayeona mtoto wake akipiga hatua ya kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na minane, na hajawahi kumiliki kitu ambacho hakibebeki mtu akiwa mbioni.

Shida zilikuwa mbili tu. Hakuwa na udongo, na hakuwa na nia ya kushika jembe.

Siku ya soko alivaa suti yake ya kahawia akaenda moja kwa moja kwa Mama Alupo, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa Moding, aliyekuwa akiuza wimbi pamoja na mwenzake Edinah. Edinah alikuwa na mtoto mgongoni.

"Mama, yoga!" akamsalimu kwa Kiteso. "Umewahi kuona mbolea ya Ulaya?"

"Hiyo tunaisikia redioni tu, boss."

Ogweno akafungua kitambaa taratibu, kama kasisi na sakramenti. Ndani mlikuwa na vumbi la makaa. "Udongo mweusi huzaa, si ndiyo? Sasa huu ni mweusi kuliko mweusi. Ukipanda hindi jioni, usilale karibu. Litakusukuma."

Alupo akachukua kidogo, akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi. Edinah akaanza kucheka ndani ya leso. Alupo akamkanyaga.

"Unauza?"

"Kuuza? Mungu apishe mbali! Debe kwa debe. Lete debe moja la udongo wa shamba, ondoka na debe la dhahabu."

"Udongo gani, boss?"

"Ule wa juu juu tu, wenye mizizi na takataka zake."

"Huo wa juu," Alupo akarudia, akamtazama Edinah. "Aki boss, una huruma wewe. Mama yako alikulea."

Ilibaki fomu ya kampuni. Fomu ilitaka jina la mkandarasi, na chini kwa maandishi madogo ilisema kwamba majani yakikataa kuota, mkandarasi atashtakiwa. Mjanja ana sheria zake, na ya kwanza ni kwamba jina lake lisionekane kwenye karatasi yoyote baada ya ile ya ubatizo. Basi Ogweno alimpelekea Alupo ile fomu; lori angelidai mwenyewe majani yakishaota.

"Ni orodha tu ya wanaopokea mbolea, mama. Weka sahihi hapo."

Alupo alikuwa amemaliza masomo ya ngumbaru mwaka uliopita na hakupenda kuacha herufi njiani. Alisoma mstari kwa mstari, midomo ikicheza.

"Usijichoshe, mama. Ni Kizungu kitupu."

"Ni kweli, kinachosha," alisema Alupo, akaweka sahihi, kisha muhuri wa kikundi, akaupulizia ukauke.

Wiki iliyofuata foleni ya baiskeli na wilbaro ilikuwa ndefu kuliko ya malori ya mpakani. Madereva walishuka kutazama. Ogweno aliketi chini ya mwavuli akipaza sauti: "Debe kwa debe! Msisukumane, kina mama, Ulaya ni kubwa!" Wanawake walimwaga udongo wao na kuutandaza, wakabeba vumbi kwa bidii iliyomtisha kidogo. Walipomaliza kwa sepetu, walirudi na mifagio. Siku ya mwisho alimkuta Edinah amepiga magoti na kijiko.

"Dada, hiyo iache."

"Mbolea ya Ulaya haiachwi, boss."

Mvua za masika zikanyesha, na udongo ule ukafanya kazi ambayo Ogweno alikuwa bado anapanga ni nani atadanganywa aifanye. Ulikuja na mbegu zake tumboni. Ikaota nyasi, mchicha, mnavu, mrenda, hata boga moja likatambaa hadi relini. Ogweno akawa anaamka mapema kufukuza mbuzi. "Toka kwa mradi wangu!" aliwaambia, na alimaanisha.

Mwezi wa Juni akafika ofisa wa ukaguzi wa kampuni, Bwana Mukhwana, na buti za mpira. Alifunga kamba, akahesabu mimea, akachimba, akanusa.

"Ajabu," alisema. "Kwingine tumepanda majani mara tatu, yakafa. Nani aliwaza kuleta udongo na mbegu zake?"

Ogweno akafunga vifungo vya koti. "Ni mimi, mzee. Akili kidogo tu Mungu alinipa."

Mukhwana akafungua faili. "Vizuri. Kwa hiyo wewe ndiye Mama Alupo?"

Ogweno akafungua tena kifungo kimoja. "Hilo ni... jina langu la kanisani."

"Na kikundi cha wanawake?"

"Sisi hatubagui, mzee."

"Mimi hapa," ilisema sauti nyuma. Alupo alikuwa ameshika kitambulisho, na nyuma yake kikundi kizima.

"Mzee, hawa hawajui lolote!" Ogweno akapaza sauti. "Mimi ndiye niliyewadanganya! Niliwaambia vumbi la makaa ni mbolea!"

"Mbolea?" Alupo akashangaa kwa upole. "Nani aliitia shambani, boss? Sisi tunachoma matofali. Kuni Moding zimekwisha, lakini ukichanganya vumbi hilo na udongo wa mfinyanzi, tanuri linajichoma lenyewe. Na kabla ya kuufikia udongo huo, lazima uondoe ule wa juu. Tulikuwa hatuna pa kuutupa."

"Shida yetu ilibaki moja," Edinah akaongeza. "Gari."

Mukhwana akampa Alupo ufunguo. Vigelegele vikapigwa, wanawake wakapanda nyuma, kisha wakatazamana. Hakuna aliyejua kuendesha.

Alupo akamtazama Ogweno. "Boss, unaweza?"

"Ninaweza!" Moyo ulimruka. Ng'ambo ilikuwa hatua chache tu upande wa kulia. Akaketi kwenye usukani, akaiungurumisha injini.

Edinah akaja dirishani. "Huku nyuma kuna upepo. Nishikie," alisema, akamweka mtoto mapajani pake, akaenda.

Ogweno alifika kwenye njia panda akitazama kulia. Lori tupu la watu wengine angeweza kulivusha. Lakini lori lenye wanawake kumi na wanne wanaoimba, na mtoto ambaye sasa hivi alikuwa anamkojolea suti ya kahawia, akimcheka usoni bila meno? Hata yeye hakujua angewaambia nini watu wa forodha.

Akakata kushoto, kuelekea Moding. Juu ya kichwa chake Alupo akagonga bati.

"Kanyaga mafuta, boss! Kuna matofali elfu nane, na jua halikungoji!"