Paka Rangi Nyeupe

Jumatatu, 16 Desemba

Miaka kumi na tisa! Leo nimehesabu kwa vidole, vikaisha, nikaanza upya. Miaka kumi na tisa nimeoa katika familia ile na mama mkwe bado ananiita mgeni. "Mgeni, karibu. Kaa." Hiyo ndiyo salamu yangu. Nakaa sebuleni kwenye kiti chenye kitambaa cha kufuma, naletewa chai kama karani wa sensa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe langu nalingoja hadi mvi zimenitoka.

Kinyozi, aliyemwoa mdogo wa mke wangu, ana miaka miwili tu katika ukoo huu. Yeye anaitwa mwanangu. Anaingia jikoni bila hata kubisha! Na si yeye peke yake. Mama mkwe ana paka mweupe mwenye mkia nusu, nusu nyingine ilibaki mlangoni zamani. Naye anaitwa mwanangu. Tena hulala kwenye kiti changu, na mimi nikifika ndiye ninayeombwa nisimsumbue.

Kila mwaka, Jumamosi ya kabla ya sikukuu, familia nzima hujazana jikoni kwa mama mkwe kupamba biskuti za sukari. Mimi husikiliza vicheko kupitia ukuta. Lakini mwaka huu oveni yake imekufa. Biskuti zitaokwa kwetu Ijumaa, zipelekwe kwake Jumamosi kupambwa. Kwetu! Nimeapa. Jumamosi nitaitwa mwanangu, la sivyo naacha ufundi bati.

Jumanne, 17 Desemba

Bahati imenidondokea mapajani. Simu ya mke wangu imelia mezani, mwenyewe anaoga. Ujumbe wa mama mkwe! Nimeusoma. Si udukuzi, mezani ni pa wote.

Mama mkwe haamini nukta wala mkato. Aliandika hivi: "nyota ishirini mioyo ishirini paka rangi nyeupe zikauke vizuri".

Nikasoma mara tatu. Nyota, sawa, kila mwaka zipo. Mioyo, sawa. Lakini paka! Paka rangi nyeupe! Haijawahi kutokea. Ni yule yule mwenye mkia nusu, anataka kumwona kwenye biskuti. Na angalieni jambo moja: nyota zina idadi, mioyo ina idadi, paka hawana. Maana yake ni kadiri uwezavyo. Pale ndipo moyo wake ulipo.

Nimeufuta ujumbe. Mke wangu angemwambia mdogo wake, mdogo wake angemwambia Kinyozi, na kufikia jioni Kinyozi angekuwa na kundi zima la paka. Mke wangu alipotoka kuoga nilimwambia mama ametuma salamu na mambo ni yale yale ya kila mwaka. Halafu nikamwambia biskuti nitaoka mimi. Alinigusa paji la uso kupima joto. Yeye ni muuguzi, amezoea.

Jumatano, 18 Desemba

Karakana siku nzima. Mteja alikuja kuulizia bomba lake la mvua, nikamwambia nina kazi ya haraka ya kifamilia. Alipoona nakunja sikio la paka aliondoka bila kuaga.

Mama mkwe miaka yote hukata biskuti kwa mdomo wa glasi na kisu. Mimi nitampa kibati cha kukatia, cha umbo la paka, kilichokunjwa ukingo kisimkate. Nimechukua kopo la mafuta ya kupikia, nikalifungua kwa mkasi wa bati, nikakata mkanda, nikaukunja kwa koleo. Paka wa kwanza alifanana na buli. Wa pili alifanana na buli lenye hasira. Wa tatu, jamani, ni paka mwenyewe! Masikio mawili, mgongo, mkia mrefu umesimama. Nimelehemu maungio. Nimejikata kidole gumba, lakini fundi asiye na kovu huyo ni msimamizi.

Nimekijaribu kwenye unga kidogo wa ngano na maji. Kichwa kimetoka safi. Mwili safi. Mkia umekatika katikati, nusu imebaki ndani ya kibati. Nimejaribu mara nane, mkia mara nane umebaki. Nitafanya nini? Nitapaka siagi pembeni. Neno la kawaida kabisa, paka siagi, na kazi ndogo. Tatizo limekwisha.

Alhamisi, 19 Desemba

Tatizo halijaisha. Mkia bado unabaki.

Lakini leo kulikuwa na kubwa zaidi. Nimekwenda kupeleleza kwa Kinyozi. Kisingizio: kunyoa. Kwamba nilinyoa Jumapili ni jambo ambalo mpelelezi halitazami. Nikamkuta peke yake, amekibinya kifuko cha nailoni kilichojaa povu la kunyolea, anachora nyota juu ya kioo. Mistari imenyooka kama amepigia rula! Anajizoeza kabisa, bila haya, mchana kweupe.

Nikaketi. Nikamwuliza kwa mbali, kama mtu asiyejali, kama mama amemgusia lolote kuhusu paka rangi nyeupe. Akasema ndiyo, mama alimpigia simu. Akasema kwa utulivu kabisa, huku amenishika kichwa, kwamba paka rangi nimwachie yeye.

Nimwachie yeye! Kumbe naye anajua. Mama ameuza siri kwa pande mbili. Nikabishana naye, nikageuza kichwa kwa hasira, mashine ikapita pale ambapo haikupaswa kupita. Ikabidi anyoe zote ili zilingane. Nimetoka pale bila nywele na bila heshima, ila na uamuzi mmoja: yeye akileta paka kumi, mimi nitaleta sitini.

Ijumaa, 20 Desemba

Mke wangu alikwenda zamu asubuhi. Kabla ya kutoka alisema unga ukishachanganywa ukae kwenye friji saa moja kabla ya kusukumwa. Saa moja! Wanawake wa ukoo ule hupenda kuchelewesha watu. Nikaruka hatua hiyo.

Nimechapa siagi na sukari, nimetia mayai, vanila, unga. Hatukuwa na mti wa kusukumia, nimesukuma kwa chupa ya siki. Nimekata paka ishirini na nne, mikia ikabaki kwenye kibati kama kawaida. Nimeingiza trei mbili. Dakika kumi baadaye nimefungua oveni. Paka hawapo! Siagi imeyeyuka, masikio yamelala, matumbo yamegusana. Trei mbili za viazi. Haraka haraka haina baraka, nilijiambia kwa sauti, kisha nikala viazi sita ili kupunguza ushahidi.

Awamu ya pili nimeutii ule ubaridi wa friji. Nimesubiri saa nzima nikiwa nimesimama. Wametoka safi! Masikio wima, kingo kali. Mikia nusu, lakini siwezi kulalamika kila siku. Nimeoka hadi unga wote ukaisha: paka sitini na mmoja. Nyota na mioyo? Hakuna unga wa nyota. Vita huamuliwa mahali pamoja.

Mke wangu alirudi saa kumi na moja. Alisimama mlangoni na mkoba begani. Paka walikuwa mezani, juu ya friji, juu ya redio. Akauliza nyota za mama ziko wapi. Nikamwambia hili ndilo agizo. Akataka kuona ujumbe. Nikakiri kwamba niliufuta. Akavuta kiti, akakaa, akasema mama yake hajawahi kuomba paka tangu amzae. Nikamwambia kwa upole kwamba yeye hamjui mama yake kama ninavyomjua mimi. Akasema asiyeuliza hana ajifunzalo, akaenda kulala na viatu.

Jumamosi, 21 Desemba

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto una malengelenge ya sabuni. Nitaeleza.

Tulifika saa nne. "Mgeni, karibu. Kaa." Sikukaa! Miaka kumi na tisa, mara ya kwanza. Nikapita na makopo yangu moja kwa moja hadi jikoni. Mama mkwe akanifuata. Kinyozi alikuwa tayari amevaa aproni, bakuli la sukari ya unga iliyokorogwa na ute wa yai mbele yake, nyeupe pe, na brashi mpya mkononi. Nikatafuta paka wake kwa macho. Hakuwa na hata mmoja. Nikajua nimeshinda, nikafungua makopo.

Shemeji yangu, mke wa Kinyozi, akafunika mdomo kwa taulo ya vyombo. Mama mkwe akainua biskuti moja, akaigeuza, akauliza nyota zake ziko wapi. Nikasema mama, nimefuata ujumbe wako neno kwa neno: paka rangi nyeupe. Kinyozi ndiye aliyeninyoosha. Alichovya brashi kwenye bakuli, akaipitisha taratibu juu ya kisahani, kushoto kwenda kulia. "Paka," akasema. Akarudia. "Paka. Rangi. Nyeupe."

Nikaelewa. Iliniingia polepole, kama joto kwenye bati. Mwenyewe Jumatano nilipaka siagi kwenye kibati! Niliandika kabisa, imo humu, nimerudi nyuma kuangalia. Niliona aibu mpaka kwenye upara. Nikageuka kwenda zangu sebuleni kwenye kile kiti, nikakaa, kwa kuwa huko ndiko kwangu. Hata hapo palikuwa na mwenyewe: paka, amejaa kitini, mimi ukingoni. Alifumbua jicho moja, akalifumba.

Basi mama mkwe akatoka jikoni na biskuti mkononi. Akaisogeza karibu na paka wake. Akaangalia huyu, akaangalia ile. Akaniuliza nani aliniambia nimkate mkia pale pale. Hapo mtu mwaminifu angesema ulikwama kwenye kibati. Mimi nikasema nilipima kwa macho, mama, miaka yote hii nimekuwa nikimtazama. Na jambo hili, sasa nikilifikiri, si uongo sana. Hapa sebuleni sikuwa na kitu kingine cha kutazama.

Mama mkwe akaanza kucheka. Hakucheka vizuri, alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akafuta macho na kusema kama nina nguvu za kuoka paka sitini, basi nina nguvu za kuosha vyombo, na sufuria zile pale. Nikasimama haraka mpaka paka akaruka. Nimeosha kila kitu! Mabakuli, trei, miko, hata vyombo vya juzi. Nyuma yangu wote wanne walipaka paka rangi nyeupe, Kinyozi akawachora ndevu moja moja kwa mkono wake usiotikisika, na mimi nikasikia vicheko bila ukuta katikati. Mgeni haoshwi vyombo, namaanisha haoshi vyombo. Nimechanganyikiwa kwa furaha.

Lile neno lakini hakulisema. Nilitega sikio hadi tunaaga. Alisema tu, "Haya, safari njema."

Ijumaa, 27 Desemba

Simu imelia. Simu yangu mimi! Mama mkwe hajawahi kuniandikia tangu simu zibuniwe. Ujumbe huu hapa, bila nukta wala mkato: "mwanangu asante biskuti zimekwisha zote mwakani kaa tu usijisumbue".

Mwanangu! Nimesoma hilo neno la kwanza mara kumi na tisa, moja kwa kila mwaka. Nimelia kidogo, karakana ilikuwa tupu. Nilitaka kuufuta ujumbe Kinyozi asije akauona, lakini nitafutaje neno lile? Nimeificha simu nzima ndani ya sanduku la vifaa.

Kisha nikautafakari kwa makini, maana nimejifunza kutosoma haraka. Mwakani kaa tu. Kaa! Bila nyota, bila mioyo, kaa peke yao. Na "usijisumbue" ni hiyo mioyo na nyota, nisishughulike nazo. Sasa ananiamini na umbo gumu: miguu minane, magando mawili. Nilifikiria kumwuliza mke wangu. Hapana. Mtoto wa nyumbani haulizi agizo la mama yake.

Nimetafuta kopo kubwa zaidi. Kaa wa kwanza amefanana na buli, na nakumbuka hata paka alianza hivyo hivyo.