Pazia la Ofisi ya Juu

Jumatatu, 3 Juni

Mvua. Soksi ya kushoto imelowa tangu asubuhi. Kazini tumeletewa programu mpya ya barua pepe. Ile ya zamani, niliyoizoea kama mto wangu wa kulalia, imezimwa bila hata kuagwa. Kipya kinyemi, japo kidonda. Kuanzia leo ni marufuku kushuka masjala kuniomba faili kwa mdomo. Kila ombi liandikwe. Dada wa kompyuta alitufundisha mpaka sauti ikamkauka. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nikitazama dirisha.

Mafunzo yalifanyika ofisi ya juu, ya msimamizi wa masjala, ambayo iko tupu tangu mzee wetu astaafu. Dirisha pana, linatazama barabara! Mimi kule chini kwenye mafaili nina taa moja inayopepesa na ukuta unaotoka jasho. Miaka yote hii sijui kama nje kuna jua mpaka mtu aniambie. Bosi atamteua msimamizi mpya wiki hii hii. Tuko wawili: mimi, na yule wa mapokezi tunayemwita Kobe. Kobe! Kugonga muhuri mmoja kwake ni sherehe.

Shida ni moja tu. Mke wangu nimeshamwambia nimekipata cheo, pamoja na dirisha la barabarani.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu amewaambia dada zake. Dada zake wamemwambia mama mkwe. Jioni nimemkuta mke wangu ananishonea pazia la ofisi, la rangi ya chungwa. Aliniuliza dirisha lina upana gani. Nikanyoosha mikono. Akasema, baba watoto, kumbe ofisi yenyewe kubwa hivyo! Alicheka kwa furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Nikakosa hamu ya kula.

Hata hivyo, akili ni mali. Nimegundua kwamba programu ina kitu kinaitwa kanuni. Unaiambia barua ya fulani ikija ipelekwe mahali fulani, nayo inatii bila kuuliza maswali. Laiti wanangu wangekuwa hivyo. Nimemtungia Kobe kanuni yake: barua yenye jina lake iende moja kwa moja kwenye pipa la taka. Programu ikataka kujua, jina likiwa la mtumaji tu, au likionekana popote? Nikachagua popote. Kazi nusunusu siipendi.

Sasa maombi yake ya faili hayatanifikia. Wateja watajaa mapokezi, watapiga kelele, na bosi atajionea mwenyewe nani mzembe.

Jumatano, 5 Juni

Kobe aliandika, hakujibiwa, akashuka ngazi mwenyewe. Nilidhani atagomba. Wapi! Alisema labda programu bado ngeni, akaniomba nimwonyeshe mafaili yamepangwaje asiwe ananisumbua. Ningemkatalia vipi? Nikamwonyesha. Rafu baada ya rafu, hadi za nyuma kabisa ambako hata mimi huenda kwa kubahatisha.

Bosi akamkuta kwenye ngazi, kakumbatia mafaili hadi kidevuni. Akamsifu mbele ya watu, eti huyu ndiye anayeijua masjala. Mimi nilikuwa nyuma yake. Nimeshika faili moja.

Alhamisi, 6 Juni

Mtego wa pili! Kuna jibu linalojituma lenyewe. Mtu akiniandikia, hata hajapumua, anapokea haya: “Nimezongwa na majukumu mazito ya masjala. Kwa mambo madogo madogo, mwone mwenzangu wa mapokezi.” Bosi ajue nina majukumu mazito, na Kobe azikwe na mambo madogo. Nililisoma mara kadhaa. Tamu.

Dada wa kompyuta alipita, akaniasa niwe natupia macho pipa la taka, kwa sababu kanuni haina akili, inatupa ilichoambiwa itupe. Nikamjibu kwa heshima kwamba mimi si kuku wa kuchakura majalala.

Ijumaa, 7 Juni

Kobe ameteuliwa.

Nililetewa habari na tarishi, huku anatafuna. Nikapanda kwa bosi mbiombio. Bosi alishangaa kuniona nimeshangaa. Alisema jana alituandikia mimi na Kobe barua moja, ya kutuita kwenye usaili asubuhi ya leo. Kobe akaja. Mimi nikamjibu papo hapo kwamba nimezongwa, na kwa mambo madogo amwone Kobe. Basi akamwona Kobe. Aliniambia bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikaenda kuchungulia pipani. Barua ilikuwepo. Majina yetu mawili yamekaa pamoja pale juu, langu likitangulia. Langu likitangulia! Nililia kidogo nyuma ya rafu ya mafaili ya zamani. Kisha nikafuta uso kwa sababu tarishi alikuwa anakuja na chai.

Nimeyapima yote kwa utulivu. Kosa ni la Kobe. Jina lake lisingekuwemo, barua ingenifikia. Jibu la kujituma nimelizima. Kanuni nimeikaza: sasa barua zenye jina la Kobe hazipiti hata pipani, zinafutwa moja kwa moja. Nione kama atanichezea tena.

Jumatatu, 10 Juni

Pazia liko tayari. Mke wangu amelipiga pasi, amelikunja, amenitilia mwenyewe kwenye mfuko. Alinisindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo huwa halifanyi. Nilitaka kumwambia ukweli. Nikamsifia pasi.

Kobe tukakutana kwenye ngazi. Akauliza kama shemeji yake hajambo. Akauliza pia kama nimeiona barua yake ya asubuhi, maana angependa jibu kabla ya adhuhuri. Nikatoa kifua mbele, nikamwambia nimeiona, na nitajibu nitakapopenda. Akaitikia polepole, kama anavyofanya kila kitu. Siku yangu ikanyooka.

Jumanne, 11 Juni

Tangu asubuhi meza inaburutwa juu ya kichwa changu. Nikamuuliza tarishi kulikoni. Akasema ni meza yake, anahamia juu. Kobe aliona chumba ni kikubwa mno kwa mtu mmoja, akamwomba bosi aongeze meza ya pili, pale dirishani. Jana akaniandikia nihamie mimi. Akangoja siku nzima. Leo akaniandikia tena. Mwishowe akampa tarishi. Tarishi alisema anasikia nilikiri kuiona barua. Nikamwambia watu wazima hawarukii vitu.

Mchana mke wangu akaandika kwamba mama mkwe anataka picha ya ofisi. Nikapigilia misumari, nikatundika pazia kwenye ukuta unaotoka jasho, nikapiga picha, nikatuma. Akajibu kwamba limependeza sana, ila mbona limefungwa mchana? Nikaandika kuwa jua ni kali. Anaishi mji huu huu. Mvua inamnyeshea yeye pia.

Halafu akaandika: basi siku nyingine lifungue, baba watoto, tuone barabara.

Nimelitazama lile pazia mpaka macho yamechoka. Ameshona vizuri. Pindo la chini limeshaanza kulowa.

Lakini nisikate tamaa! Nimegundua kitufe kipya, cha kutuma baadaye. Unaandika leo, barua inaondoka siku unayoitaka. Nimeshaandika: “Mama watoto, tazama barabara inavyoonekana kutoka ofisini kwangu.” Nimeipangia iende Jumatatu ijayo, asubuhi. Programu, kwa umbea wake, ikaniambia hakuna picha iliyoambatishwa, ikauliza kama nina hakika.

Nikabonyeza ndiyo. Dirisha nitalipata tu.